Kitabu cha mwili wa binadamu chasomwa hadi ukurasa wa mwisho

MSOMAJI mpendwa, hebu chukua kalamu na karatasi tupige hesabu ndogo kabla chai ya Jumapili haijapoa.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, iwe ya ngozi, ya ini au ile iliyo kwenye mzizi wa unywele, mna uzi mwembamba mno uitwao DNA. Uzi huu ni maandishi. Herufi zake ni nne tu, A, C, G na T, ambazo ni kifupi cha majina ya kemikali nne, nazo zimepangwa moja baada ya nyingine bila nukta wala mkato hadi zikafikia bilioni tatu na ushei. Mpiga chapa akiweka herufi 3,000 katika kila ukurasa, atahitaji kurasa milioni moja. Akizijalidi kurasa 500 kwa kila kitabu, utajikuta na vitabu 2,000. Na hiyo ni nakala moja tu. Wewe unazo mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama.

Maktaba hiyo nzima ndiyo wataalamu waitayo jenomu. Humo ndimo zilimo jeni, yaani yale mafungu ya maandishi yanayouagiza mwili utengeneze protini fulani: ile inayobeba hewa katika damu, ile inayosaga chakula, na kadhalika. Jeni za namna hiyo ni kama 20,000 hivi. La ajabu ni kwamba maagizo yenyewe ya protini hayafiki hata asilimia mbili ya maandishi yote.

Huenda ukasema, "Lakini si kazi hii tuliambiwa ilikwisha zamani?" Naam, tuliambiwa, tena mara mbili. Mnamo Juni 26, 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alisimama White House, huku Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, akimfuata kwa njia ya setilaiti, wakatangaza kwamba rasimu ya jenomu ya binadamu imepatikana. Kando ya Clinton walikuwapo Francis Collins, aliyeongoza mradi wa serikali, na Craig Venter wa kampuni ya kibinafsi, mahasimu wawili waliokuwa wakikimbizana kama wanariadha wetu kwenye mzunguko wa mwisho. Kisha Aprili 2003 likaja tangazo la pili: kazi imekamilika. Ilikuwa imechukua miaka 13 na kula takriban dola bilioni 2.7.

Ukweli ni kwamba asilimia nane hivi ya maandishi ilikuwa bado haijasomwa. Hakuna aliyedanganya. Wenyewe walijua, wakaandika wazi katika ripoti zao kuwa mapengo yapo na mitambo ya siku hizo haiwezi kuyaziba. Lakini wanasiasa na magazeti hawapendi habari yenye "ila", na kwa hivyo ila hiyo ilibaki kwenye majarida ya wataalamu. Ni kama fundi anayekukabidhi nyumba na funguo zote, isipokuwa vyumba viwili vya nyuma vimepigwa misumari. Nyumba ni yako, walala, wapika, walea watoto. Ila vyumba vile hujui kilichomo.

Misumari hiyo iling'olewa mnamo Machi 31, 2022.

Kibwagizo

Ili uelewe kwa nini ilichukua karibu miongo miwili zaidi, lazima ujue jinsi jenomu inavyosomwa. Hakuna mtambo unaoweza kushika uzi wa DNA ncha moja na kuusoma hadi ncha ya pili. Uzi hukatwakatwa vipande, vipande husomwa kimoja kimoja, kisha tarakilishi hupewa kazi ya kuviunganisha.

Chukulia kwamba una nakala kumi za gazeti hili, na watoto wamezirarua zote vipande vidogo vidogo. Ukiwa na subira unaweza kulirejesha gazeti zima, kwa kuwa kila nakala imeraruka mahali tofauti. Kipande kimoja kinaishia na maneno "waziri alisema kwamba", na kingine kinaanza na maneno hayo hayo na kuendelea mbele. Unavibandika pamoja, unatafuta cha tatu, na mambo yanakwenda.

Sasa chukulia kuwa kwenye ukurasa mmoja mna shairi refu la beti mia mbili, na kila ubeti unamalizika kwa kibwagizo kile kile. Vipande vyako ni vya maneno matatu matatu. Unaokota kipande chenye kibwagizo. Je, ni cha ubeti wa tano au wa mia moja na tano? Unaokota kingine, na kingine, vyote sawa. Hata idadi ya beti huwezi kuijua. Hapo utatupa mikono na kuandika pembeni: "Hapa pana shairi."

Ndivyo walivyofanya wataalamu. Mtambo waliotumia enzi hizo, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1977 na Mwingereza Frederick Sanger (ambaye alitunukiwa Nobeli ya kemia mara mbili, 1958 na 1980), ulisoma vipande vya herufi 500 hadi 800 hivi. Lakini katika jenomu mna sehemu ambapo fungu la herufi 171 hurudiwa maelfu ya mara, moja likifuata jingine, tofauti zikiwa ndogo sana. Vibwagizo hivyo hupatikana hasa kwenye kiuno cha kila kromosomu, pale panapobana. Kromosomu, kwa ambaye shule ameiacha mbali, ni yale mafurushi 46 ambamo DNA hukunjwa ndani ya seli. Na kiuno si pambo. Ndipo panaposhikwa na kamba zinazozivuta kromosomu upande huu na ule seli inapogawanyika. Kamba zikishika vibaya, seli moja hupata kromosomu ya ziada na nyingine hupungukiwa. Mtoto mwenye kromosomu 21 tatu badala ya mbili ndiye aliyezaliwa na hali iitwayo Down. Mkono mfupi wa kromosomu hiyo ya 21, pamoja na ile ya 13, 14, 15 na 22, ilikuwa karibu yote ndani ya vile vyumba vilivyopigiliwa.

Kilicholeta ufumbuzi ni mitambo ya namna mbili. Kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza ilitengeneza kifaa kinachoupitisha uzi wa DNA kwenye kitundu kidogo mno, na umeme unaopita humo hubadilika kulingana na herufi inayopita. Kifaa hicho husoma vipande vya herufi zaidi ya 100,000 kwa mkupuo, na vingine hufikia milioni. Mtambo wa kampuni ya Pacific Biosciences ya Marekani husoma vipande vya herufi 20,000 hivi, vifupi kuliko vile vya Waingereza lakini kwa usahihi mkubwa sana. Ukiwa na kipande kirefu cha kutosha, kinachoanza ubeti wa tano na kumalizikia ubeti wa arobaini, kibwagizo hakikusumbui tena.

Mimba isiyo na mtoto

Palibaki tatizo jingine, na hapa ndipo habari yenyewe inapostaajabisha.

Nimesema una nakala mbili za jenomu. Zinafanana kabisa, isipokuwa hapa na pale. Kwa hivyo anayesoma DNA ya mtu wa kawaida ni kama aliyeraruliwa kwa pamoja toleo la kwanza na toleo la pili la gazeti la siku moja: vichwa vya habari ni vile vile, ila neno limebadilishwa huku na aya imeondolewa kule. Kwenye vibwagizo, hilo ni balaa.

Wanasayansi wakakumbuka seli fulani zilizokuwa zimehifadhiwa maabarani. Kuna mimba ambayo mama hupata dalili zote za uja uzito, lakini tumboni hamna mtoto. Mna vifuko vidogo vya maji vilivyoshikana mithili ya kichala, ndiyo maana huitwa mimba zabibu. Aghalabu hutokea pale yai lililopoteza DNA ya mama linaporutubishwa na mbegu ya baba, kisha DNA ya mbegu hiyo ikajinakili. Hapo seli zote huwa na nakala mbili zilizo sawa sawia, zote za baba. Mimba ya aina hiyo haiwezi kuzaa mtoto na ni hatari kwa mama, kwa hivyo madaktari huiondoa.

Seli za mimba moja ya namna hiyo zilipewa jina CHM13. Kwao gazeti lilikuwa na toleo moja tu. Muungano wa wanasayansi karibu 100, wakiongozwa na Adam Phillippy wa taasisi ya taifa ya utafiti wa jenomu ya Marekani na Karen Miga wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, pamoja na Evan Eichler wa Chuo Kikuu cha Washington, wakazisoma kutoka ncha hadi ncha. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Science: herufi bilioni 3.055 bila pengo hata moja, karibu milioni 200 kati yake zikiwa hazijapata kuonekana katika jenomu ya marejeo.

Kwa hivyo jenomu ya kwanza ya binadamu kukamilika haikutoka kwa binadamu yeyote aliyepata kutembea duniani. Jina la mama aliyeipoteza mimba ile halikutangazwa. Wengi waliosifu ushindi ule hawakumtaja, nami naona angetajwa, japo bila jina.

Wanaume nao walilazimika kusubiri. Seli za CHM13 hazina kromosomu Y, ile inayomfanya mtoto awe mvulana. Hiyo ilichukuliwa kwa mwanamume mwingine, na ikamalizika kusomwa Agosti 2023, kwa vile zaidi ya nusu yake ni vibwagizo vitupu: herufi milioni 62 na ushei, zaidi ya milioni 30 zikiwa mpya. Kina mama watasema walijua tangu hapo kwamba baba hujirudia rudia.

Asiyekuwapo

Sasa swali ambalo mwanafunzi makini atakuwa ameshaliuliza: ikiwa kitabu kimekamilika, ni kitabu cha nani?

Ile jenomu ya mwaka 2003 ilikuwa mseto wa watu kadhaa, lakini asilimia 70 hivi ilitoka kwa mwanamume mmoja asiyejulikana wa mji wa Buffalo, jimbo la New York. Alijitokeza baada ya tangazo kuchapishwa mwaka 1997 katika gazeti la mji huo kutafuta watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi, kila mgonjwa aliyesomwa DNA yake, awe Mfini au Mpokomo, alilinganishwa na kitabu hicho. Palipotofautiana, daktari alijiuliza kama ni ugonjwa au ni tofauti tu kati ya mja na mja.

Na asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 2018 watafiti waliosoma DNA ya watu 910 wenye asili ya Afrika walikuta humo herufi karibu milioni 300 ambazo hazikuwamo katika kitabu cha marejeo. Mnamo 2020, utafiti wa mradi wa H3Africa ulioshirikisha watu 426 kutoka makabila 50 ya bara letu ulifichua tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziorodhesha. Si ajabu. Binadamu ameishi Afrika kuliko mahali pengine popote, na waliotoka kwenda kuijaza dunia waliondoka na sehemu tu ya tofauti zilizokuwapo hapa.

Ndiyo sababu Mei 2023 ikatolewa rasimu ya kitabu cha namna mpya, ambacho badala ya kumfuata mtu mmoja kinaweka pamoja jenomu za watu 47 kutoka pembe mbalimbali za dunia, lengo likiwa kufikia watu 350. Miongoni mwa hao 47 yumo Mmaasai kutoka Kenya. Tena si mara ya kwanza kwa Wakenya kusaidia kazi hii. Damu ya Waluhya wa Webuye na ya Wamaasai wa Kinyawa ilitumika katika mradi wa HapMap uliotoa ripoti mwaka 2010, na Webuye ikarudi tena katika ule mradi wa watu 2,504 kutoka jamii 26 uliokamilika 2015. Ukifungua karatasi ya utafiti wa jenetiki iliyoandikwa Tokyo au Boston, uwezekano ni mkubwa utakuta herufi LWK mahali fulani. Hao ni majirani zako wa Webuye.

Faida yake? Katika mji wa Dallas, Marekani, madaktari waligundua kwamba takriban mtu mmoja kati ya 50 miongoni mwa Wamarekani Weusi ana hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9, na hitilafu hiyo, badala ya kumdhuru, humpunguzia mafuta mabaya kwenye damu. Ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kuwa watu hao waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 88. Mwaka 2015 dawa zinazoiga hitilafu hiyo zikaidhinishwa. Leo zinawatibu watu wa kila rangi, wenye uwezo wa kuzinunua.

Herufi moja

Tusisahau mfano ulioko nyumbani. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za nchi hii. Akaona jambo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa na seli za damu zinazojipinda kama mundu. Kwenye nyanda za juu walikuwa karibu hakuna. Akajiuliza Pwani na Ziwani wana nini wasichokuwa nacho watu wa milimani. Jibu ni mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Tofauti kati ya jeni hiyo na ile ya kawaida ni herufi moja, A iliyogeuka T. Herufi moja katika vitabu 2,000, na mtoto anashinda usiku akilia mifupa.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba inayotumia mkasi wa jeni, ile mbinu iliyowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobeli ya 2020. Uingereza ilikuwa imetangulia kwa wiki chache. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, takriban Sh280 milioni. Kwa bei hiyo, mzazi wa Kisumu au Kilifi ataisoma gazetini tu.

Lakini sikiliza, wewe uliye chuoni na unayepanga kufunga ndoa. Kujua kama umebeba jeni ya selimundu hakuhitaji kusomewa jenomu nzima. Kipimo cha kawaida cha damu chatosha. Ikiwa wewe na mchumba wako nyote mmeibeba, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Msidanganywe kwamba wa kwanza akiugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Karata huchanganywa upya kila mara.

Kuna pia suala la nani anaitunza maktaba yako. Marekani, kampuni ya 23andMe iliyokuwa imekusanya mate ya wateja kama milioni 15 iliingiliwa na wadukuzi mwaka 2023, wakafikia habari za watu milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Wateja wakaanza kuulizana mate yao yatanunuliwa na nani. Swali hilo si dogo, kwa maana nenosiri likiibwa waweza kulibadilisha, bali DNA huwezi. Na nusu ya ile ya mtoto wako ni yako, hata kama yeye hakuwahi kutema mate kwenye kichupa cha mtu.

Hapa kwetu, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inaziweka habari za jeni katika kundi la data nyeti. Na unakumbuka sarakasi za Huduma Namba? Sheria iliyotungwa kabla ya usajili ule iliruhusu serikali kuchukua hata DNA ya wananchi. Mnamo Januari 30, 2020, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo anayekujia na pamba ya kukwangulia shavu, awe ni mtafiti, bima au mwajiri, una haki ya kumuuliza inakwenda wapi, itasomwa nini, itakaa huko kwa muda gani, na ukibadili nia utairudishaje.

Na kwa wale kina baba ambao, tangu nitaje DNA, wana swali moja tu wanaloona haya kuliuliza: la, kipimo cha kujua mtoto ni wa nani hakisomi jenomu nzima wala hakihitaji mitambo ya akina Phillippy. Hutazama vituo vichache tu, ishirini hivi, tena vyenyewe ni vibwagizo: huhesabu kila kimoja kimerudiwa mara ngapi kwako na mara ngapi kwa mtoto.